Msizime Ulinzi, Hifadhini Faili

Mhasibu anabofya kiambatisho cha Excel ndani ya Outlook, anaambiwa faili limeharibika, haliwezi kufunguliwa. Anaitwa fundi. Fundi anaingia kwenye mipangilio, anaondoa tiki kwenye visanduku vitatu vya ulinzi, faili linafunguka, anashukuriwa, anaondoka. Huo si ufundi. Ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekwama!

Ulinzi huo, ule wenye utepe wa njano unaozuia kuhariri, uliletwa na Microsoft katika Office 2010, na sababu zilikuwepo. Mwaka 1999 kirusi Melissa kilijificha ndani ya hati ya Word, kikajituma kupitia Outlook kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha anwani cha kila kompyuta kilimofunguliwa. Hadi leo ankara bandia zinaingia maofisini kwa mlango huohuo wa kiambatisho, na anayewindwa ni huyuhuyu mhasibu mwenye nywila za benki. Kumwacha bila kinga miaka nenda rudi, eti kwa ajili ya faili moja la siku moja, ni uzembe mtupu.

Na mara nyingi faili lenyewe ni zima! Outlook hunakili kwanza kiambatisho kwenye folda ya muda iliyofichwa, ndipo hukifungua. Faili la jina lilelile, tuseme Mishahara.xlsx, likifunguliwa kila mara, nakala huweza kurundikana humo zikipewa namba. Zikifika 99, programu inaweza kugoma kabisa. Dawa ni kusafisha folda hiyo. Kuna pia mifumo inayotoa ukurasa wa wavuti na kuubandika jina la .xls; Excel inaposhtuka, ina haki. Waliounda mifumo hiyo ndio wa kukaripiwa.

Basi, hifadhi kiambatisho kwenye folda yako, kisha kifungue kutoka humo. Kikigoma, mpigie mtumaji simu, kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa kwenye baruapepe. Akithibitisha kwamba ni chake, ingia kwenye sifa za faili uondoe kizuizi kwa faili hilo peke yake. Likigoma hata hapo, atume upya.

Nanyi wakuu wa ofisi, kagueni leo kompyuta za uhasibu, moja baada ya nyingine. Mkikuta vile visanduku vitatu vitupu, mwiteni fundi aliyeviacha hivyo aje arudishe tiki zote, na asilipwe hata senti.