Nauli ya Plasta

Nyie mnaojazana stendi ya Mbezi kila Desemba na mabegi ya zawadi, mkifika kijijini msiishie kuulizia nani kaoa na nani kanenepa. Ombeni kumpakata mtoto mchanga, kisha mwangalie nyayo.

Nina maana ya mguu kifundo, ule anaozaliwa nao mtoto umepindia ndani. Bibi atakwambia utanyooka wenyewe. Haunyooki ng'o! Lakini akiwahiwa, wiki za mwanzo tu, mguu unanyooshwa pole pole kwa mikono, unafungwa plasta (lile hogo la wachezaji mpira), wiki ijayo linabadilishwa. Mara tano, sita hivi. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, basi. Halafu viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vya kulalia mpaka miaka minne. Mbinu ya Dk. Ponseti wa Iowa, Marekani, hiyo. Pale CCBRT, Dar, wanaifanya.

Kasheshe iko kwenye hiyo "kila wiki". Basi la alfajiri, shamba halina mtu, baba mtoto anauliza, "Tena?" Plasta ya tatu mguu unaonekana umepona, mama anakacha. Unapinda upya.

Mabango ya uhamasishaji mimi siyaamini sana, bango halilipi nauli. Anayelipa ni shangazi wa mjini mwenye simu na godoro la ziada sebuleni. Juzi nimeletewa kadi ya mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua hata sura. Nimepiga hesabu: ile ya "double" ni nauli za plasta zote sita, kwenda na kurudi.