Mwalimu Apime Kabla Hajafundisha

Mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Ihanda, wilayani Mbozi, anapotaka kuwafundisha watoto habari za vimondo, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kimondo cha Mbozi, ambacho ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani, kimo ndani ya wilaya yake mwenyewe, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Lakini mwalimu huyo akifungua simu yake na kutafuta habari za jiwe hilo mtandaoni, atakutana na jambo la kumshangaza. Ukurasa mmoja utamwambia kwamba kimondo kina uzito wa tani 12, wa pili utasema tani 16, na wa tatu utasema tani 25. Kurasa nyingine zitamweleza kuwa kimondo kimo mkoani Mbeya, ilhali Mbozi imekuwa sehemu ya Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2016.

Je, mwalimu aandike lipi ubaoni? Hilo ndilo swali tunalotaka kulijadili leo, kwa sababu walimu wengi wa nchi hii wanalijibu kila jioni wakiwa peke yao, mwanga wa simu ukiwamulika usoni, bila ya mtu wa kuwasaidia.

Suala hili si la Ihanda peke yake. Linamhusu vile vile mwalimu wa Micheweni na wa Makunduchi, wa Mafia na wa Ukerewe. Tangu mkongo wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti imeenea mpaka mahali ambapo vitabu vya kutosha havijapata kufika. Hapana shaka hiyo ni neema. Hata hivyo, neema hiyo imekuja na kazi mpya. Zamani kitabu kilimfikia mwalimu kikiwa kimekwisha kusomwa na kuidhinishwa na wenye dhamana. Leo habari inamfikia mbichi, na kazi ya kuipima ameachiwa yeye.

Tutoe mfano unaowagusa wenzetu wa Visiwani pamoja na wa Bara. Mwanafunzi akiuliza Tanzania ina mikoa mingapi, mtandao utampa majibu matatu au zaidi, na kila jibu liliwahi kuwa kweli. Kabla ya mwaka 2012 nchi nzima ilikuwa na mikoa 26. Mwaka huo ikaongezwa minne, yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ikawa 30. Songwe ilipoanzishwa mwaka 2016 ikawa 31. Sasa mikoa 26 ni ya Tanzania Bara tu, na mitano ni ya Zanzibar, mitatu Unguja na miwili Pemba. Basi mwalimu anayekuta namba 26 katika ukurasa usio na tarehe anaweza kuinakili akidhani ni ya nchi nzima, na kwa kufanya hivyo akaifuta Zanzibar yote katika hesabu yake bila ya kukusudia. Mtoto wa Chake Chake au wa Mkoani akisomeshwa hivyo, hajakosea yeye. Amekosewa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazamwa katika ukurasa wowote ni tarehe. La pili ni mwenye kauli: je, aliyeandika anajulikana, na ana sababu ya kuujua mji, mmea au sheria anayoieleza? La tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, ni kama habari hiyo inalingana na muhtasari wa somo unaotumika sasa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Tanzania Bara Januari 2024, ukaleta na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Lakini nukuu zilizoandikwa kwa mihtasari ya zamani zingali zimejaa mtandaoni, nazo hupelekwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine bila ya jina la mwandishi wala mwaka. Zanzibar nayo ina wizara yake ya elimu na mitaala yake ya elimu ya msingi. Andalio la somo lililo zuri kwa darasa la tano la Vwawa halifai kunakiliwa tu likapelekwa Wete.

Hatusemi kwamba mwalimu auogope mtandao. Yamo humo mambo ambayo angekosa udhuru kutoyatumia. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo humwonyesha mwalimu wapi wanafunzi walikosea na kwa nini. Kwa kuwa vijana wa pande zote mbili za Muungano hufanya mtihani wa Baraza hilo katika kidato cha nne, taarifa hizo zinawafaa walimu wa Unguja na Pemba sawa na wa Songwe. Kwa watoto wadogo kuna vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kuonyeshwa na televisheni ya taifa mwaka 2014 kwa Kiswahili. Kwa sayansi, majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani yanaweza kupakuliwa mara moja, kisha yakatumika darasani pasipo na mtandao.

Lakini hata kilicho bora hakina budi kupimwa. Jaribio lililobuniwa Marekani linaweza kuwa sahihi kabisa kisayansi, huku mifano yake ikiwa ya theluji na mitaro ya barafu, vitu ambavyo mtoto wa Ihanda hajapata kuviona. Mwalimu mwenye busara atachukua kanuni, naye aweke mfano wa kahawa inayokaushwa uani. Mwenzake wa Nungwi ataweka mfano wa ngalawa.

Tahadhari ya namna hiyo inahitajika zaidi sasa, kwa kuwa programu za akili unde zinaweza kumwandalia mwalimu somo zima kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai. Lugha yake ni safi, mpangilio wake ni mzuri, na kosa likiwamo halionekani kwa urahisi. Programu hizo hujifunza kutoka maandishi yale yale yaliyotofautiana juu ya uzito wa kimondo, na zinaweza kuchagua namba moja na kuitamka kwa uhakika, pasipo kueleza kwamba kuna hitilafu.

Turudi basi kwenye kimondo chetu. Mwalimu aliyekuta namba tatu anaweza kuichukua hitilafu hiyo akaifanya somo. Jiwe kubwa namna ile uzito wake hukadiriwa kwa vipimo vya umbo lake, na umbo hilo si la sanduku. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu tani 8. Kwa hiyo anayesema tani 16 anadai kuwa kimondo kina ujazo wa mita 2 hivi. Anayesema tani 12 anadai mita moja na nusu. Na anayesema tani 25 anadai zaidi ya mita 3. Wanafunzi wakipelekwa Marengi na futi kamba watakuta jiwe lenye urefu wa kama mita 3 na kimo cha kama mita moja, nao watajadiliana wenyewe ni dai gani lililo karibu na kile wanachokiona. Watoto hao watakuwa wamejifunza hesabu, sayansi, na tabia ya kutokubali neno kwa sababu tu limeandikwa.

Sasa tunawageukia wenye madaraka. Si haki kumtaka mwalimu apime kila kitu huku akinunua bando kwa mshahara wake na kusahihisha madaftari mpaka usiku. Tunapendekeza kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania na Taasisi ya Elimu Zanzibar zitoe orodha fupi ya nyenzo za mtandaoni zilizokaguliwa, kila moja ikiwa na darasa, mada na mwaka wa muhtasari, na ziipitie upya kila mwaka. Nyenzo hizo ziwe nyepesi, ziweze kupakuliwa mara moja katika kituo cha walimu na kugawiwa shuleni. Bara upo tayari mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao huwakutanisha walimu wajifunze pamoja. Mikutano hiyo itenge saa moja ya kupima nyenzo walizozipata na kuandika kasoro zake. Na pawepo mahali ambapo mwalimu wa kata ataandika kwamba ukurasa fulani umekosea, naye ajibiwe.

Maofisa wa elimu wanapokwenda kukagua shule wamezoea kuuliza kama andalio la somo lipo. Tunawaomba waulize pia lilitoka wapi, na kama mwalimu alipata wasaa wa kulipima. Akijibu kwamba hakupata, basi kasoro hiyo isiandikwe dhidi yake peke yake. Iandikwe pia dhidi ya ofisi iliyopaswa kumpa wasaa huo na nyenzo za kumsaidia.