Ubongo wa mtoto hujengwa kabla mama hajajua

Katika mkutano wetu mama mmoja alituuliza swali ambalo wengi wanalo moyoni: "Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, mama yake alikosea nini?" Juma hili tunalijibu.

Tuanze na namna mtoto anavyojengwa. Siku chache baada ya juma la pili la mimba, kwenye mgongo wa kijusi kunakuwa kitu chembamba kama jani. Jani hilo linajikunja, kingo zake zinakutana, linakuwa mrija. Sehemu ya juu ya mrija itakuwa ubongo. Sehemu ya chini itakuwa uti wa mgongo, ambao hupeleka habari kati ya ubongo na mikono, miguu na kibofu. Mrija huo unapaswa kuwa umefungwa kufikia siku ya 28 tangu mimba ishike. Tuhesabu pamoja: siku hiyo mama amechelewa kuona mwezi kwa majuma mawili tu. Wengi wetu bado tunafikiri ni uchovu.

Mrija usipofungwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Miguu inaweza kukosa nguvu, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Usipofungwa juu, ubongo haukui na mtoto haishi.

Sasa tunajibu swali. Si uchawi, si laana, si adhabu ya mama. Sababu ni nyingi na mara nyingine hazijulikani: upungufu wa vitamini iitwayo asidi foliki, ugonjwa wa sukari, urithi wa jamaa, hata dawa fulani za kifafa. Mama mwenye kifafa asiache dawa peke yake. Aongee na munganga kabla ya kushika mimba.

Kwetu kwenye shaba na kobalti kuna jambo lingine. Waganga na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walilinganisha watoto waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za mwili zinazoonekana, mgongo wazi ukiwemo, na watoto wasio nazo. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Baba akiwa na kazi ya migodi, uwezekano wa kasoro ulikuwa zaidi ya mara 5. Utafiti huo hauonyeshi ni madini gani yanaumiza wala kwa njia gani. Lakini unatuonyesha kwamba vidole vyote visielekezwe kwa mama.

Basi tufanye nini?

Kwanza, asidi foliki. Mwaka 1991 utafiti wa nchi 7 ulionyesha kwamba, kwa wamama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, vidonge hivi vilipunguza hatari karibu robo tatu. Mama anayetaka mimba ameze mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla, mpaka mwezi wa tatu wa mimba. Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa zaidi. Munganga ndiye atakayempa. Vidonge vya CPN ni vizuri kwa damu, lakini tukienda na mimba ya miezi mitano mrija umekwisha kufungwa, au umekwisha kukosa kufungwa. Kikundi cha likelemba kinaweza kuweka kando kidogo kwa vidonge vya dada aliye tayari kuzaa.

Pili, chakula. Maharagi, karanga, lengalenga na matembele vina vitamini hiyo. Mboga laini zisichemshwe muda mrefu, na maji yake yasimwagwe. Sombe peke yake ipikwe mpaka iive kabisa, sababu ikiwa mbichi ina sumu. Chakula kinasaidia, lakini hakichukui nafasi ya kidonge.

Tatu, vumbi. Baba avue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, aoge kabla ya kubeba watoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Mifuko ya mawe isilale chumbani. Mama anayetaka mimba, au aliye nayo, asisafishe madini mtoni.

Nne, mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi ya chumvi ya hospitali, mlaze kwa tumbo au ubavu, mpeleke hospitali siku ileile. Usipake dawa ya majani, usikande. Kichwa kikikua upesi, utosi ukivimba, macho yakitazama chini, usingoje. Maji ya kichwani yanaweza kupunguzwa kwa upasuaji. Kule Mbale, Uganda, kuna hospitali iliyofungua milango mwaka 2001, na mafundi wake wa upasuaji walitengeneza njia ya kuwatibu watoto wengi bila kuwaachia mpira kichwani. Kuchelewa ndiko kunakoharibu ubongo.

Na jambo la mwisho. Mama wa mtoto huyo akija kwenye mkutano, tumpokee, tumbebee mtoto, tumpe nafasi ya kukaa. Asisikie kwetu swali la "ulifanya nini?" Asikie: "Twende wote hospitali."