Theolojia kwa simu ni njema, ila mkutano usipotee

Naandika kutoka huku Nyeri kuhusu kusomea theolojia kwa simu. Kusomea theolojia mbali na chuo hakukuanza na intaneti. Mtindo ujulikanao kama TEE (Theological Education by Extension) ulianzishwa na seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala mwaka 1963: mwanafunzi anasoma kitabu cha mazoezi nyumbani, kisha anakutana na wenzake na mwalimu kila wiki. Makanisa ya Kenya nayo yaliupokea, kwani wainjilisti wengi walikuwa na mashamba na familia, wasiweze kuhamia vyuo vya theolojia vya Limuru au Kabare kwa miaka.

Leo kitabu kimekuwa simu. Mwinjilisti wa Othaya huchuma majani chai asubuhi, huyapeleka kituoni yapimwe, na jioni hufungua somo la Agano Jipya. Sauti ya mhadhiri inakatika-katika, bando linaisha katikati ya Waraka kwa Warumi. Hata hivyo anajifunza, na Jumapili waumini wanaona tofauti.

Kinachokosekana ni ule mkutano wa kila wiki. Kuhubiri matangani, kumsikiliza mjane, kupatanisha ndugu wanaogombania shamba: hayo hayafundishiki kwa video pekee. Vyuo vishirikiane na makanisa ya Karatina, Othaya na Nanyuki, wanafunzi wawe na siku ya kukutana ana kwa ana na mchungaji mlezi. Nasi waumini, tunapofanya harambee ya kujenga kanisa, tuchangie pia bando na vitabu vya wanaosomea kutuhudumia.

Msomaji, Karatina