WhatsApp: juu ya nini watuulize mbele ya kubadilisha

Tarehe 24 mwezi wa pili 2017, WhatsApp ilitimiza miaka 8. Siku zile kampuni ilileta statuti mupya: picha na video zinazopotea kisha saa 24. Lakini wakati wa kuingiza ile mupya, waliondoa ya zamani: yale maneno mafupi mutu alikuwa anaandika chini ya jina lake, sawa vile "Niko kazini" ao "Nimelala". Yalikuwa yanabaki mpaka mwenyewe ayabadilishe.

Kwa wenye kutengeneza programu, yalikuwa maneno tu. Kwa jamaa ya muchimbaji, ilikuwa habari. Bwana anashuka chini, kule rezo haifiki. Bibi anaangalia simu: "Niko kazini." Basi hapigi tena, moyo unatulia. Picha yenye kupotea haiwezi kufanya ile kazi, tena inakula mega.

Watu walilalamika sana. Katikati ya mwezi wa tatu, kampuni ikatangaza kama yale maneno yanarudi, ikakubali kama ilisikia watumiaji wake. Sasa, juu ya nini haikuwasikia mbele?

WhatsApp iko na kundi la watu wanaopokea programu mupya mbele ya wengine, wanaijaribu. Lakini kujaribu na kuuliza ni mambo mawili. Mwenye kujaribu anaangalia kama kitu kinatembea. Mwenye kuuliza anataka kujua: kile cha zamani kinakusaidia nini? Ndani ya mine, kiongozi mwenye akili haondoi ngazi ya zamani bila kuuliza wale wanaoipanda kila siku, hata kama ngazi mupya iko nguvu.

Jambo hili linatugusa sana leo, kwa sababu makuta yetu yanapita ndani ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Siku moja wakibadilisha mpangilio wa namba bila kuuliza mama mwenye kasimu kadogo, haitakuwa tena "Niko kazini" inayopotea. Itakuwa franka za masomo ya watoto, zimeenda kwa mutu asiyejulikana.

Basi tusingoje waje kutuuliza. Ndani ya WhatsApp, fungua Paramètres, kisha Aide, uandike lenye linakusumbua. Kwa makuta, sema na ajenti, piga kwa kampuni. Mwaka 2017 maneno yalirudi kwa kuwa watu hawakunyamaza.