TUTEMBEE TUJIFUNZE: Kuuzunguka Mji wa Mikindani



Mwezi huu tunazungumza juu ya safari ya mzunguko. Hii ni safari ya miguu inayoanza mahali fulani na kuishia hapo hapo, lakini njia ya kwenda siyo njia ya kurudi. Ni safari nzuri kwa kikundi cha kisomo, kwa maana watu huona mambo mengi. Lakini ina hatari yake.

Tuchukue mfano wa Mikindani. Huu ni mji mdogo wa zamani katika mkoa wa Mtwara. Uko kiasi cha kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Mbele yake kuna ghuba yenye maji matulivu na mikoko. Nyuma yake kuna vilima. Anayeuzunguka mji hupanda, hushuka, kisha hupita kando ya bahari.

MAMBO YA KUONA

Zamani misafara ilileta Mikindani pembe za ndovu na watumwa kutoka bara. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho. Chuma na Susi walikuwa pamoja naye. Safari yao haikuwa ya mzunguko. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wenzake waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo.

Mwaka 1895 Wajerumani walijenga boma mahali palipoinuka juu ya mji. Miaka mingi baadaye boma hilo lilikarabatiwa likawa hoteli. Ukisimama juu utaona ghuba, na utaelewa kwa nini wageni walipataka mahali hapo.

HATARI YA MZUNGUKO

Katika safari ya kwenda na kurudi, aliyechoka anaweza kugeuka. Njia anaijua. Katika mzunguko mambo ni tofauti. Ukishapita nusu ya njia, kurudi nyuma ni mbali kuliko kwenda mbele. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea au kuacha hufanywa kabla ya nusu, siyo baada yake.

JINSI YA KUPANGA

1. Watu wawili watangulie siku moja kabla. Wachukue saa. Waulize wenyeji njia, na waombe ruhusa ya kupita penye mashamba na makaburi. Watafute pia njia ya mkato ya kushukia barabarani.

2. Anzeni na kilima, malizeni na pwani. Asubuhi kuna ubaridi na miguu ina nguvu. Wakati wa kushuka, msikimbie. Wengi huteleza wakati wa kushuka.

3. Waulizeni wavuvi habari za maji. Bahari hujaa na kupwa kwa zamu. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni zaidi kidogo ya saa 6. Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo saa ya jana siyo saa ya leo. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvu, na maji hupanda sana. Maji yakiwa yamejaa, msipite ufukweni. Piteni barabarani.

4. Kila mtu achukue maji ya kunywa, angalau lita 2. Avae kofia au kilemba, na viatu visivyoteleza.

TUFANYE HESABU

Tuseme wale wawili walitumia saa 2. Kikundi kina wazee, kwa hiyo ongezeni saa 1. Mapumziko ni nusu saa. Jumla ni saa 3 na nusu. Mkiondoka saa 12 na nusu asubuhi, mtarudi saa 4, kabla jua halijawa kali. Mkiondoka saa 3, mtarudi saa 6 na nusu, na mtatembea katika joto kubwa.

Mwendo wa kikundi ni mwendo wa aliye dhaifu. Huyo atembee mbele, siyo nyuma. Akiwa nyuma, wengine humngoja wakiwa wamekaa, naye akifika tu wao huondoka. Kwa namna hiyo anayehitaji kupumzika ndiye asiyepumzika.

KABLA YA NUSU YA NJIA

Simameni kivulini penye njia ya mkato. Tazameni vyombo vya maji. Kama maji yamepungua zaidi ya nusu, shukeni kwa mkato. Kama mtu anaumwa kichwa, ana kizunguzungu au kichefuchefu, akae kivulini, anywe maji kidogo kidogo, kisha ashuke na mwenzake. Mtu akianza kusema ovyo au akizimia, hiyo ni hatari kubwa. Mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na mpelekeni hospitali upesi. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Kukata safari siyo aibu. Kilima kitakuwepo mwezi ujao.

MASWALI

1. Kwa nini uamuzi hufanywa kabla ya nusu ya njia?
2. Kwa nini aliye dhaifu atembee mbele?
3. Watu wawili walitumia saa 1 na nusu. Kikundi kiongeze saa 1, na mapumziko nusu saa. Wakiondoka saa 1 asubuhi, watarudi saa ngapi?
4. Karibu na kijiji chenu, mzunguko gani unafaa? Choreni ramani yake.