Mtu wetu pia aulizwe, tena aulizwe sasa

Kampeni za 2027 zimeshaanza huku mitaani hata kabla ya tume kupuliza kipenga. Kila mbogi ina mtu wake, na kila mtu ana watetezi wake mitandaoni. Sasa jaribu kumuuliza huyo mtu swali moja gumu. Kabla hujamaliza, wenzako wa upande huo huo washakurukia: Umelipwa na nani? Unataka tushindwe? Ngoja tuingie kwanza, hayo mengine tutayarekebisha tukiwa ndani.

Hiyo "tukiwa ndani" ndiyo imenifanya niandike. Kuna vijana walishaambiwa hivyo na mgombea wao, na mgombea mwenyewe ni mtu tunayemjua vizuri: Barack Obama. Mimi niliacha chuo njiani, kwa hivyo sitawapa mhadhara wa sheria. Lakini hii stori kila anayejiita mwanaharakati Kenya anafaa kuijua, kwa sababu mwisho wake ulitufikia hadi huku.

Twende pole pole. Tangu 1978 Marekani ina sheria inaitwa FISA. Kwa kifupi, serikali ikitaka kunasa mawasiliano ya mtu aliye ndani ya nchi hiyo kwa sababu za ujasusi, lazima iende kwanza kwa mahakama maalum ipewe kibali. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, serikali ya George W. Bush iliiruka mahakama hiyo kisirisiri, ikaanza kunasa simu na barua pepe za watu waliokuwa wakiwasiliana na ng'ambo. Gazeti la New York Times likaanika mambo hayo Desemba 2005. Wateja wakaenda kortini kuzishtaki kampuni za simu, AT&T ikiwemo, kwa kusaidia serikali bila kibali.

Bush akataka Bunge lizipe kampuni hizo kinga, tena kinga ya kurudi nyuma, ili kesi zife. Obama, wakati huo seneta anayetafuta tiketi ya chama cha Democratic, alikuwa upande wa wanaharakati. Oktoba 2007 kampeni yake ilisema wazi kwamba ataunga mkono kila mbinu ya Seneti ya kuzuia mswada wowote wenye kinga hiyo. Vijana walimwamini. Walimchangia pesa kidogo kidogo mtandaoni, wakabisha milango ya watu, wakapoteza usingizi.

Juni 2008 Obama akamaliza kazi na Hillary Clinton, tiketi ikawa yake. Mwezi huo huo mswada ukapita katika Bunge la Wawakilishi, kinga ikiwa ndani. Obama akatangaza kuwa ataupigia kura ya ndiyo, ingawa angejaribu kuiondoa hiyo kinga.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Wafuasi wake hawakuhama chama wala kuenda kumpigia debe John McCain. Walifungua kikundi ndani ya tovuti ya kampeni ya Obama mwenyewe, wakamtaka apige kura ya hapana. Kwa siku chache tu kikundi hicho kikapita watu 20,000, kikawa kikubwa kuliko vyote kwenye tovuti hiyo. Yaani walimsukuma mtu wao wakiwa sebuleni mwake.

Obama aliwajibu Julai 3. Tumpe haki yake: hakuwafukuza, na alikuwa na hoja. Alisema mswada huo ulikuwa afadhali kuliko uliotangulia, kwamba ulirudisha mahakama katika kazi ya kusimamia ujasusi, na kwamba nchi ilihitaji silaha dhidi ya ugaidi. Kisha akaahidi kwamba akishaapishwa atamwagiza mwanasheria mkuu wake apitie mipango yote ya ujasusi. Tukiwa ndani, tutarekebisha. Unaisikia?

Julai 9 Seneti ikapiga kura. Jaribio la kuondoa kinga, ambalo Obama aliliunga mkono, liliangushwa kwa kura 66 dhidi ya 32. Mswada wenyewe ukapita 69 kwa 28. Obama akasema ndiyo. Hillary Clinton, yule aliyeshindwa kwenye mchujo, akasema hapana. Joe Biden naye akasema hapana. Kesho yake Bush akatia saini.

Novemba Obama akashinda, na sisi Kenya tukapewa siku ya mapumziko. Kogelo watu walicheza hadi asubuhi. Haki yao, hata mimi nisingewakataza. Lakini hakuna aliyekuwa akiuliza ile sheria inasema nini kutuhusu.

Ilisema hivi. Kifungu cha 702 kinaruhusu mashirika ya ujasusi ya Marekani kunasa mawasiliano ya wageni walio nje ya nchi hiyo, kupitia kampuni za Marekani, bila kibali cha jaji kwa kila mtu. Mgeni aliye nje ni nani? Ni mimi na wewe, na barua pepe zetu zinazopita kwenye mitambo ya Google na Microsoft. Juni 2013 Edward Snowden alipovujisha siri za shirika la NSA, Obama, sasa akiwa rais, aliwatuliza Wamarekani kwamba mpango wa intaneti hauwahusu raia wala wakazi wa Marekani. Ukisikiliza hayo maneno ukiwa Umoja au Kayole, hayatulizi hata kidogo. Mwaka uliofuata, kwa mujibu wa nyaraka za Snowden, ikaripotiwa kwamba NSA ilikuwa ikikusanya rekodi za simu za Kenya: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Huo ulikuwa mpango mwingine, si ule wa kifungu cha 702. Ila ulikuwepo chini ya rais tuliyemchezea ngoma.

Sasa angalia ile mamlaka ilienda wapi. Obama mwenyewe aliirefusha Desemba 2012. Mwaka 2017 akamwachia ofisi Donald Trump, mtu ambaye vijana wa 2008 hawangempa hata funguo za baiskeli, na Trump akairefusha Januari 2018. Aprili 2024 ikafika tena mezani, na aliyetia saini alikuwa Rais Joe Biden. Ndiyo, yule yule aliyesema hapana 2008.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Swali si kama Obama alikuwa mtu mbaya, au kama Biden ni mnafiki. Serikali ina kiti, na kiti kina funguo. Ukimruhusu mtu unayempenda aongeze ufunguo mmoja, ukae ukijua atautumia pia yule usiyempenda atakayemfuata. Na kila anayekalia kiti huona funguo zote zina maana.

Hapa kwetu hatuhitaji kuvuka bahari kuliona hilo. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ilitiwa saini na Uhuru Kenyatta Mei 2018. Mei 2025, chini ya serikali nyingine kabisa, kijana mmoja alikamatwa kwa kutengeneza programu ya kuwasaidia Wakenya kutuma barua pepe kupinga Mswada wa Fedha, na sheria iliyotumika ni hiyo hiyo. Korti iliona hakuna kosa, lakini alikuwa ameshalala ndani. Rais Ruto naye aliingia akiahidi mwisho wa mauaji ya kiholela, na Oktoba 2022 kile kikosi maalum cha polisi, SSU, kikavunjwa. Tulipiga makofi. Kuanzia Juni 2024 tukaanza kuhesabu waliotekwa. Juni 2025 mwalimu na bloga mmoja akafia mikononi mwa polisi Nairobi kwa sababu ya posti.

Wanaosema tunyamaze tusimpe adui nafasi, wajibu hili: wale vijana 20,000 walimkosoa Obama hadharani miezi minne kabla ya uchaguzi, na bado alishinda kwa kishindo. Kumuuliza hakukumwangusha. Kosa lililopo ni kudhani swali linaweza kungoja. Julai 2008 alikuwa bado anawahitaji, ndiyo maana aliwajibu. Mtu akishaapishwa, wewe ni mmoja tu kati ya wengi wanaobisha geti.

Kwa hivyo, msee, kama una mtu wako wa 2027, mpende, mvalie fulana, sina shida. Lakini muulize mambo matatu, na akuandikie majibu. Ile sheria ya mtandao utaifuta, au utaikalia? Polisi wakitaka rekodi zangu za simu, watapitia kwa jaji au kwa mlango wa nyuma? Na waliotekwa na kuuawa tangu 2024, nani atajibu, na kufikia tarehe gani?

Akisema subiri tuingie kwanza, basi ameshakujibu.